Aliyeshika Jalada Ndiye wa Kujibu

Askari anapoapa kuitumikia nchi yake, huacha mlangoni haki nyingi ambazo raia mwingine huzishika mkononi kila siku. Haulizi kwa nini anapelekwa huku wala kule. Akiambiwa simama, husimama. Akiambiwa lala, hulala. Akiambiwa geuza mgongo ufumbe macho, hufumba. Utii huo ndio unaolifanya jeshi liwe jeshi, na hatujasikia mtu mwenye akili timamu akiupinga. Lakini utii una upande wake wa pili ambao wakubwa hawapendi kuutaja: mwenye kuamuru hubeba dhamana ya alichokiamuru. Siku askari huyo akivua sare, akazeeka, akaugua ugonjwa ambao hata daktari wake anashindwa kuueleza, ana haki ya kurudi kwa aliyemwamuru na kumwuliza: Mlinipeleka wapi siku ile, na ni kitu gani kilichoingia mwilini mwangu?

Tunataka kulitazama swali hilo kama lilivyoulizwa na wanajeshi waliohudhuria majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Uingereza. Tumewachagua hao kwa sababu mbili. Kwanza, wamelirudia swali lao kwa zaidi ya miaka 40, na wengi wao wamekwenda kaburini wakiwa nalo mdomoni. Pili, milango waliyofungiwa imetengenezwa kwa mbao za sheria ile ile tuliyorithi sisi. Na katika mwaka mmoja, 2012, wao na wazee wetu wa Mau Mau walisimama mbele ya mahakama za London wakikabiliwa na hoja moja, kwamba wamechelewa.

KILICHOTENDEKA

Tarehe 3 Oktoba 1952 Uingereza ililipua bomu lake la kwanza la atomiki katika visiwa vya Monte Bello, pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia. Mwaka uliofuata majaribio yakahamia jangwani, mahali paitwapo Emu Field. Mwaka 1956 na 1957 yakafanywa Maralinga, katika jimbo la Australia Kusini. Kisha, mwaka 1957 na 1958, yakaja mabomu ya haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki, kwenye visiwa vya Malden na Christmas, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Kwa jumla mabomu 21 yalilipuliwa katika miaka hiyo: 12 Australia na 9 Pasifiki. Lile la tarehe 28 Aprili 1958, lililolipuliwa karibu na kisiwa cha Christmas, lilikuwa na nguvu ya megatani 3 hivi. Hilo ndilo bomu kubwa kuliko yote ambayo Uingereza imewahi kuyalipua.

Kazi hiyo ilihitaji watu. Wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 20,000 walihudhuria, pamoja na maelfu ya Waaustralia, mabaharia wa New Zealand zaidi ya 500, na Wafiji wapatao 300. Wengi wa Waingereza walikuwa vijana wa miaka 18, 19 au 20, waliochukuliwa kwa sheria ya utumishi wa lazima iliyokuwapo wakati huo. Hawakuomba kwenda huko. Wengi wao wamesimulia, kila mmoja kwa kinywa chake, jinsi walivyoketishwa wakiupa mlipuko mgongo, viganja vikiwa vimefunika macho, na jinsi mwanga ulivyopenya hata wakaiona mifupa ya mikono yao wenyewe. Marubani walirusha ndege ndani ya mawingu ya milipuko ili kukusanya sampuli. Wenzao wakaziosha ndege hizo ziliporudi. Wengine walioga baharini na kula samaki wa huko. Beji za kupimia mionzi hazikutolewa kwa kila mtu.

Kisha wakarudi makwao, wakiwa wamekatazwa kusema neno, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa siri ya dola. Miaka ikapita. Huyu akapata saratani ya damu, yule mtoto wa jicho akiwa bado kijana, mwingine akaona mkewe akiharibu mimba mara kwa mara. Kila mmoja alidhani ni balaa lake peke yake, mpaka walipoanza kukutana na kulinganisha habari. Mwaka 1983 wakaunda chama chao cha wanajeshi wastaafu wa majaribio ya nyuklia. Hapo ndipo safari yao ya kutafuta majibu ilipoanza kwa dhati, na hapo ndipo walipokutana na kuta tatu.

UKUTA WA KWANZA: ASKARI HASHTAKI DOLA

Ukuta wa kwanza ulijengwa na Bunge la Uingereza mwaka 1947. Sheria ya mwaka huo iliwafungulia raia njia ya kuishtaki serikali kama wanavyomshtaki jirani, jambo ambalo zamani halikuwezekana bila ruhusa ya mfalme. Lakini kifungu cha 10 cha sheria hiyo kilimwacha askari nje. Akiumia kazini kwa uzembe wa jeshi, na waziri akatoa cheti kwamba jeraha hilo linahesabiwa kuwa la utumishi kwa ajili ya pensheni, mahakama ilifungwa kwake. Pensheni yenyewe angeweza kunyimwa baadaye, cheti kikabaki pale pale.

Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1987, lakini Bunge halikukiondoa kwa waliokwisha kuumia. Kwa hiyo kijana aliyeketishwa ufukoni mwaka 1958 aliambiwa, akiwa mzee, kwamba mlango umefunguliwa, ila si kwa ajili yake. Asante ya punda ni mateke.

UKUTA WA PILI: JALADA LIMEFUNGWA

Ili mtu adai, lazima ajue. Ili ajue, lazima asome kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kimo kabatini mwa yule anayedaiwa. Huo ndio ukuta wa pili, na kwa maoni yetu ndio mbaya kuliko yote.

Wanajeshi wawili waliokuwa katika kisiwa cha Christmas mwaka 1958, McGinley na Egan, walikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg wakilalamika kwamba kumbukumbu zilizowahusu zilikuwa zikizuiliwa. Tarehe 9 Juni 1998 walishindwa, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mahakama iliona kwamba kulikuwa na utaratibu wa kuomba nyaraka hizo katika baraza la rufaa za pensheni ambao hawakuutumia. Hata hivyo mahakama iliweka msingi ambao kila mpenda haki anapaswa kuujua: serikali ikijishughulisha na jambo la hatari ambalo madhara yake yaweza kujificha kwa muda mrefu katika miili ya watu, ina wajibu wa kuwawekea watu hao njia ya kweli, inayofikika, ya kupata habari zote zinazowahusu.

Msingi huo ulizaa matunda baada ya miaka 7, kwa askari wa aina nyingine. Katika kituo cha utafiti wa silaha za kemikali cha Porton Down, kusini mwa Uingereza, maelfu ya wanajeshi walitumiwa katika majaribio ya gesi. Baadhi yao wamesema waliamini wamejitolea kwa utafiti wa mafua. Tarehe 6 Mei 1953 kijana wa jeshi la anga mwenye umri wa miaka 20, Ronald Maddison, alidondoshewa sumu ya sarini kwenye kitambaa kilichofungwa mkononi mwake, akafa. Uchunguzi wa chanzo cha kifo chake ulifanywa faraghani, ukatangaza kuwa ni ajali. Ilichukua zaidi ya miaka 50, hadi Novemba 2004, kwa baraza jipya la wazee wa mahakama kusikiliza ushahidi hadharani na kutamka kwamba aliuawa kinyume cha sheria.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba 2005, mahakama ya Strasbourg ilimpa ushindi Thomas Roche, askari aliyejaribiwa gesi huko Porton Down mwaka 1962 na 1963. Ilisema kwamba Uingereza ilikiuka haki yake kwa kukosa kumwekea njia ya kweli ya kupata habari juu ya hatari iliyompata. Januari 2008 serikali hiyo iliwaomba radhi wanajeshi 360 wa Porton Down na kuwalipa pauni milioni 3. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Ndugu msomaji, ligeuze jambo hili moyoni mwako. Mtu anaomba kuona cheti cha vipimo vya damu yake mwenyewe, iliyotolewa mwilini mwake mwenyewe na daktari wa jeshi. Anayemnyima ndiye aliyemtoa damu hiyo. Kisha, mtu huyo akija mahakamani mikono mitupu, anayemnyima husimama na kusema: hana ushahidi. Familia za wanajeshi wa majaribio zimeendelea hata katika miaka ya karibuni kudai matokeo ya vipimo vya damu na mkojo vya baba zao. Ni adui gani leo atakayenufaika kwa kujua idadi ya chembe nyeupe katika damu ya kijana wa mwaka 1958?

UKUTA WA TATU: UMECHELEWA

Ukuta wa tatu ni saa ya ukutani. Sheria ya Uingereza humpa mwenye kudai fidia ya jeraha la mwili miaka 3 tu, ikihesabiwa tangu siku aliyoumia au siku aliyojua kwamba jeraha lake lilitokana na kitendo anachokilalamikia. Wanajeshi zaidi ya 1,000 walifungua madai. Serikali ikajibu kwamba muda umepita. Mwaka 2009 jaji wa kwanza aliwaruhusu kuendelea. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikawazuia karibu wote. Na tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawafungia mlango kwa kura 4 dhidi ya 3.

Tunawaomba wasomaji wasio wanasheria watuvumilie kidogo hapa, kwa maana mtego uliomo ni wa kustaajabisha. Majaji 4 walisema kwamba wazee hawa walikuwa wakiamini kwa miaka mingi kwamba bomu ndilo lililowadhuru. Kwa hiyo walijua. Na kwa kuwa walijua, wamechelewa. Papo hapo majaji hao wakasema kwamba hata kama wangeruhusiwa, ushahidi wao wa kisayansi ni dhaifu mno kuweza kushinda. Kwa maneno mengine, wazee hawa walijua vya kutosha kuhesabiwa kuwa wamechelewa, lakini hawakujua vya kutosha kushinda kesi. Majaji 3 waliobaki, akiwemo rais wa mahakama hiyo, Lord Phillips, pamoja na Lady Hale na Lord Kerr, waliona tofauti: kuamini si kujua, na mtu hawezi kuhesabiwa amejua kabla sayansi haijampa msingi wa kuaminika wa imani yake.

Sisi tunasimama na wale 3. Sheria ya ukomo wa muda ina busara yake; haifai mtu kuvizia miaka 50 na kumshtaki jirani mashahidi wakiwa wamekufa. Lakini busara hiyo inamhusu mdai aliyelala. Haimhusu mdai aliyefungwa macho, kwanza kwa amri siku ya mlipuko, kisha kwa siri miaka yote iliyofuata.

SAYANSI INASEMAJE?

Lazima tuseme kweli yote, hata ile isiyotupendeza. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1988 haukuona kwamba waliohudhuria majaribio walikuwa wakifa mapema kwa jumla kuliko wanajeshi wenzao. Uliacha wazi uwezekano wa hatari ndogo ya saratani ya damu na ya uboho. Serikali imeshikilia kwamba wengi wao hawakupata mionzi yoyote ya kuhesabika. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walichunguza damu ya mabaharia 50 waliokuwa kwenye majaribio ya Pasifiki, wakakuta kromosomu zilizovunjika na kuungana kombo kwa kiwango kinachokaribia mara 3 ya watu wa kawaida. Tena, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel waliochapisha kazi yao mwaka 2022 juu ya watoto wa wanajeshi wa Uingereza hawakuona kwa jumla ongezeko la kasoro za kurithiwa.

Basi hatusemi kwamba kila saratani ya kila askari ilitoka kwenye bomu. Hakuna mtu mwaminifu awezaye kusema hivyo. Tunasema jambo jingine, la kisheria na la kimaadili: pale ambapo jibu halijulikani kwa hakika, lazima mmoja abebe mzigo wa shaka hiyo. Je, aubebe nani? Mzee mgonjwa ambaye hakuchagua kwenda, hakupewa kipimo, na hakuonyeshwa jalada? Au dola iliyomchagua, iliyoamua nani apimwe na nani asipimwe, na iliyoshika ufunguo wa kabati kwa miaka 70?

WENGINE WALIVYOJIBU

Wako waliokwisha kulijibu swali hilo. Nchini Marekani, ndege za jeshi zilinyunyiza misituni na mashambani mwa Vietnam, kati ya mwaka 1962 na 1971, dawa ya kuua mimea iitwayo Agent Orange, iliyokuwa na sumu ya dioksini. Wanajeshi wa Marekani walipougua, nao waliambiwa walete ushahidi. Walipowashtaki watengenezaji wa dawa hiyo, kesi ilimalizwa mwaka 1984 kwa mapatano ya dola milioni 180, bila mahakama kuamua nani mkosaji. Lakini mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyougeuza mzigo. Askari akithibitisha kwamba alikuwa Vietnam, na akiwa na ugonjwa uliomo katika orodha iliyowekwa, sheria inachukulia kwamba ugonjwa huo ulitokana na utumishi wake. Hatakiwi tena kuthibitisha ni tone lipi lililomwangukia siku gani. Utaratibu kama huo ulikuwa umewekwa mwaka 1988 kwa Wamarekani waliohudhuria majaribio ya nyuklia ya nchi yao. Tarehe 10 Agosti 2022 ulipanuliwa kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea takataka za kijeshi huko Iraq na Afghanistan.

Fiji, nchi ndogo isiyo na utajiri wa London, haikuwa na bomu wala haikumwamuru mtu kuketi ufukoni. Hata hivyo, Januari 2015 serikali yake ilisema imechoka kuisubiri Uingereza, ikawalipa wazee wake waliobaki hai kutoka hazina yake yenyewe. Australia nayo mwaka 2017 iliamua kuwagharamia matibabu waliohudhuria majaribio katika ardhi yake. Uingereza imewaachia wake mfumo wa kawaida wa pensheni za kivita, kila mmoja akipambana na faili lake peke yake. Na Novemba 2022, miaka 70 baada ya bomu la kwanza, ikawatangazia nishani. Nishani ni heshima, wala hatuidharau. Lakini mtu aliyeuliza swali akipewa nishani, swali lake bado lipo.

WASIOVAA SARE

Katika madai haya yote kuna watu ambao ni rahisi kuwasahau. Maralinga haikuwa jangwa tupu. Ilikuwa nchi ya wenyeji wa asili wa Australia, waliokuwa wakiipita kwa miguu tangu enzi na enzi. Tume ya kifalme ya Australia iliyoongozwa na Jaji McClelland mwaka 1984 na 1985 iligundua kwamba juhudi za kuwalinda zilikuwa hafifu mno. Ni mwaka 1994 ndipo walipolipwa dola za Australia milioni 13.5 kwa ardhi iliyochafuliwa. Katika kisiwa cha Christmas waliishi na kufanya kazi wenyeji wa visiwa vya Gilbert. Na Wavietnam waliozinyunyiziwa zile dawa walipokwenda mahakamani Marekani, kesi yao ilitupwa mwaka 2005. Wapiganapo ndovu, nyasi huumia. Na hapa ndovu walikuwa wakijifunza tu kupigana. Haki inayomfikia askari ikamruka mwenye nchi ni nusu ya haki.

YATUHUSU NINI SISI?

Huenda msomaji akauliza: haya ya Waingereza na Wamarekani yanatuhusu nini? Yatuhusu sana.

Miezi 7 baada ya wanajeshi wa nyuklia kufungiwa mlango, tarehe 5 Oktoba 2012, Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Wakenya watatu wazee, waliotendewa unyama katika kambi za kizuizini miaka ya 1950, waendelee na kesi yao licha ya kupita nusu karne. Kwa nini hawa wakafunguliwa na wale wakafungiwa? Sababu moja kubwa ni majalada. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba katika ghala la Hanslope Park ilikuwa imehifadhi majalada kama 1,500 yaliyotolewa Kenya kisirisiri wakati wa uhuru. Jaji McCombe aliona kwamba, kwa wingi wa maandishi hayo, kesi ingeweza kusikilizwa kwa haki hata leo. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitoa kauli ya kujutia mbele ya Bunge lake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Jalada lilipofunguka, saa ya ukutani ilinyamaza.

Wala tusijidanganye kwamba ilinyamaza daima. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao, na mwaka 2018 ikatupwa London kwa sababu ile ile ya kuchelewa. Mzee wa Nyeri na mzee wa Manchester, waliokuwa pande mbili za bunduki katika miaka ile ile, wamegonga kichwa kwenye ukuta mmoja.

Na ukuta huo tunao nyumbani. Sheria yetu ya ukomo wa muda humpa mwenye kudai fidia ya madhara miaka 3. Lakini anayeidai serikali kwa madhara kama hayo ana kwa kawaida miezi 12 tu. Hebu ifikirie miezi hiyo 12 kwa mtu aliyevuta sumu inayolala mwilini miaka 20 kabla ya kuamka! Sheria hiyo tumeitunza kama pambo la sebuleni.

Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011, na kabla ya hapo na baada ya hapo wamehudumu katika nchi nyingi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Hatudai kwamba wamedhuriwa na sumu. Tunauliza kama kuna daftari. Je, inaandikwa mahali nani alikuwa wapi, alishika kemikali gani, alivuta moshi wa nini, na afya yake ilikuwaje alipokwenda na aliporudi? Daftari lisipoandikwa leo, mjane wake ataambiwa hana ushahidi mwaka 2050.

Kwa bahati njema, Katiba yetu ya 2010 imetupa silaha ambayo wazee wa kisiwa cha Christmas hawakuwa nayo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoshikwa na dola. Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria kumpunguzia askari baadhi ya haki: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za ajira, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Isomeni orodha hiyo kwa makini. Haki ya kupata habari haimo. Zuio lolote juu yake lazima lipite katika mizani ya kawaida: liwe katika sheria, liwe la lazima, lisizidi kiasi. Usalama wa taifa ni jambo la kweli, lakini afya ya mtu mmoja iliyoandikwa na daktari si ramani ya kambi.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo tunasema haya:

Kwanza, serikali ya Uingereza iwape wanajeshi wake wa nyuklia waliobaki, na warithi wa waliofariki, kila karatasi inayohusu miili yao, bila kungoja kushtakiwa.

Pili, mzigo wa kuthibitisha ugeuzwe. Aliyehudhuria, akipata ugonjwa ambao sayansi inauhusisha na mionzi, ahesabiwe kuwa aliupata kazini, mpaka dola ithibitishe vinginevyo kwa majalada yake yenyewe.

Tatu, Bunge letu liifanyie marekebisho sheria ya miezi 12, ili muda usianze kuhesabiwa dhidi ya mtu yeyote, askari au raia, wakati habari ya madhara yake imo mikononi mwa anayemdai.

Nne, jeshi letu liweke daftari la hatari za kiafya kwa kila askari anayetumwa, na nakala ya ukurasa wake aende nayo nyumbani siku ya kustaafu.

Tano, kwenu wasomaji. Katika kila ushirika kuna mzee aliyewahi kuvaa sare, na aghalabu haongei. Mketini naye. Andikeni anayoyasema: mwaka, mahali, kikosi, alichokiona, alichokinusa, maradhi yaliyofuata. Akitaka kuomba kumbukumbu zake, msaidieni kuandika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016; akinyimwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Karatasi iliyoandikwa mapema ndiyo inayookoa kesi iliyochelewa. Hayo tumejifunza Hanslope Park.

Mnamjua yule mjane wa mfano, aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku mpaka kadhi akachoka kabla ya mjane kuchoka. Wazee wa majaribio ya nyuklia wamekuwa wakigonga tangu 1983, na idadi ya mikono inayogonga inapungua kila mwaka. Dola inayongoja mikono hiyo iishe haistahili kuitwa ya haki, hata ikiwatunuku nishani elfu. Kabati lifunguliwe wakati yuko bado mzee awezaye kusoma kilichoandikwa juu yake.